Mapipa Mawili ya Utange

Pipa la kwanza ni la samawati, liko nyuma ya choo cha Kadzo,
ukingoni mwa machimbo
ambayo wakata mawe waliyaacha na mvua ikayarithi.
La pili ni jeusi, lina ufa niliouziba kwa nta.
Ndani ya yote mawili, viroboto-maji,
wadogo kuliko chembe ya pilipili manga iliyopondwa,
wanaruka, wanazama, wanaruka,
kama mtu aliyesahau jambo anayerudi kulichukua.

Miaka ishirini na mitatu
nilihesabu malaria kwenye vioo vya zahanati
hadi shingo ikapinda.
Zahanati ilipofungwa walinilipa nusu ya haki yangu;
nusu ya pili nikaibeba mwenyewe: hadubini,
ndani ya kikapu, chini ya mchicha.
Sasa nahesabu hawa,
chakula cha vifaranga vya perege wa Kadzo.

La samawati nililipa maji ya kijani,
kijani cha mnavu mchanga,
yaliyokolea samadi ya mbuzi na jua la siku tano.
La jeusi lilipata utando wa machimboni,
ule wa rangi ya shaba iliyooza,
unaonuka kama kitambaa cha jikoni:
nyuzinyuzi, haumezeki,
na ukimezeka haujengi mwili.

Wiki ya pili la samawati
lilijaa kama Marikiti mkesha wa Idi.
Kila mama kioo kitupu,
moyo unapiga unauona,
mayai kumi na mawili mgongoni.
La jeusi, mama na mayai yake mawili,
mwembamba, amechelewa kukua
kama mtoto wa uji wa maji.
"Hilo limwage," Kadzo akasema.
Sikulimwaga. Uvivu tu, sijisifu busara.

Kisha kuvu.
Sijui ilikuja na nini, labda ndoo, labda mguu wa ndege.
Mbegu zake ni sindano.
Kiroboto-maji huchuja maji, mdomo wake hauchagui;
anaimeza pamoja na riziki,
inatoboa utumbo, inaingia damuni, inazaana.
Yule kioo anageuka maziwa.
Machimboni angeonekana upesi na samaki angemwahi,
wazima wangepumua.
Pipani hamna samaki.
Pipani mgonjwa hufa kwa wakati wake,
anapasuka, na wenziwe wanamnywa.

Niliwapasua wawili chini ya hadubini.
Wa samawati, aliyenona: sindano juu ya sindano,
nikaacha kuhesabu, na mimi si mtu wa kuacha.
Wa jeusi: kiganja kimoja, tena hafifu.
Kumbe ugonjwa nao hutafuta nyumba yenye chakula.

Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza.
Aliyesema hivyo hakumtaja mwana wa tatu,
anayekula mezani kwa wote wawili
na kwa mwenye shibe hula zaidi.

Siku ya tisa la samawati lilikuwa maji tu,
ya kijani, mazuri, bila mlaji.
La jeusi: arubaini na mmoja, hai.

"Basi njaa ni dawa?" Kadzo akauliza,
mkono kiunoni.
Nikakumbuka vioo vyangu,
watoto wa Muoroto wenye nywele za hudhurungi
ambao damu yao niliisoma asubuhi
na jioni mama akarudi peke yake kuchukua kadi.
Kule wenye njaa ndio waliotangulia.
"Hapana," nikasema. "Sijui. Hapana."

Nimewachota kwa kichujio cha chai,
nikawaweka katika sufuria safi,
nikawapa ule ukijani kijiko kimoja,
si viwili.
Nitatazama kesho kama kuna aliyegeuka maziwa.
Kadzo ananiita kutoka jikoni:
chai imechemka,
na kichujio kiko wapi.